Sanduku la Spea la Kwenda Mtera

Evarista hutunza vifaa vya kuzamia vya ofisi moja pale Mtumba, ambako maji ya karibu ni ya bomba, yakipenda kutoka. Ni mzamiaji mwenye cheti. Safari ya kukagua bwawa la Mtera ilipokuja, bosi wake, Respicius, alifuta jina la Evarista kwenye nafasi ya mzamiaji akaandika lake mwenyewe.

"Dada Eva, wewe tufungashie spea tu. Orodha hii hapa."

"Nisiongeze kitu, bosi?"

"Usinifundishe kazi."

Evarista akafungasha kilichoandikwa, kwa utulivu wa mtu anayenoa kisu: spana, gundi, mikanda ya miwani. Orodhani hapakuwa na vipete vya mpira vya kuziba mdomo wa mtungi wa hewa. Wakaisaini orodha wote wawili, Evarista akabaki na nakala.

Kesho yake simu ikaita. Mitungi ilikuwa inavuja kando ya bwawa, na mkurugenzi wa ofisi, aliyekuja kuona ukaguzi, alikuwa amesimama juani.

"Eva, vipete viko wapi?"

"Stoo, bosi. Havikuwa kwenye orodha uliyosaini. Nikivileta, anazamia nani?"

Respicius akamtupia jicho mkurugenzi.

"Wewe."

"Mwambie mkurugenzi hivyo hivyo, nikisikia."

Akamwambia. Ndipo Evarista akaenda kuchukua vipete, bila haraka.