Projekta ya Bi Mitambo

Bi Mitambo aliyaacha masikio yake kiwandani. Tangu usichana wake hadi alipostaafu alisimama katikati ya mashine za kufuma nguo, mahali ambapo hata ukimpigia mwenzako mayowe sikioni hasikii kitu. Wanawake wa mle ndani walijifunza kuzungumza kwa midomo mitupu, kutoka mashine hii hadi ile. Wakapeana pole na hongera, wakasengenyana, na msimamizi akapita katikati yao asiambulie hata neno moja.

Alirudi nyumbani na jina hilo la utani, na macho ambayo hayakukosa kitu. Mtu akizungumza hata ng'ambo ya barabara, Bi Mitambo alimsoma kama gazeti. Kilichomshinda ni televisheni ya sebuleni. Ilikuwa ndogo na ya zamani, na midomo ya watu wa mle ndani haikuzidi punje ya mtama.

Aliishi na mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, na mke wa mwanawe, fundi cherehani. Jioni moja mwanawe alisoma kichekesho kwenye simu, akaangua kicheko. Mama naye akacheka, akapiga na paja, huku kwenye televisheni watu wanazika.

Mkwe aliliona hilo. Akaacha nguo aliyokuwa akiipiga pasi, akaja kukaa mbele yake ili asomeke vizuri.

"Mama, yale ya pale huwa unayaelewa?"

"Nawaelewa nyinyi. Mkicheka nacheka, mkinyamaza nanyamaza."

Jibu lile lilimchoma mkwe. Akamgeukia mumewe. "Mama hatazami televisheni, anatutazama sisi. Tumtafutie kubwa."

"Kubwa ya kumfaa haipiti hata mlangoni."

"Basi ile mashine ya kumulika, kama ya kwenye ukumbi wa mikutano."

Jumamosi wakaenda dukani wote watatu. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai fupi iliyoishia kitovuni, aliwasha projekta ya kwanza, maua yakajaa ukuta mzima.

"Tazama rangi hizo, mama! Si unatamani kuyachuma?"

"Maua hayaongei," alisema Bi Mitambo. "Niwekee mtu anayezungumza. Na sauti uizime."

Akawekewa msomaji wa habari. Bi Mitambo akakaza macho. "Huyu ana midomo au ana ukungu?" Ikawashwa ya pili, yenye mwanga mkali. "Hapa naona meno tu, ulimi sijui umekwenda wapi." Muuzaji akajikokota hadi kaunta, akamnong'oneza mwenzake.

"Hatulali hapa, baba," Bi Mitambo akamwambia kutoka upande wa pili wa duka. "Tukipata ya kufaa tunaondoka."

Muuzaji akaziba mdomo kwa kiganja. Mwenzake alicheka hadi akashikilia kaunta asianguke. Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Muuzaji akauliza sebule ina urefu gani, dirisha liko upande gani, mama anakaa wapi. Akawaeleza kwamba mashine ikikaa karibu sana na ukuta picha inakuwa ndogo, na kwamba mwanga wa jua unaifuta picha. Akawashauri wachukue na skrini nyeupe ya kukunjua, maana ukuta wenye matuta ungewapinda watu midomo.

Projekta ya tatu ilipowashwa, Bi Mitambo akaanza kusema polepole, "Kesho mvua itanyesha... na waziri amekanusha." Akageuka, uso umemchanua. "Hii ndiyo."

Nyumbani, mwanawe alitengeneza kishikio cha chuma cha kuning'iniza projekta darini. Mkewe alipokiona alishika kiuno.

"Unatundika projekta au unatundika ng'ombe?"

"Mama yangu yuko chini yake. Sitaki mchezo."

Drili ikanguruma, vumbi likamwagika juu ya makochi. Mkwe akashona pazia zito la rangi nyeusi, la kitambaa mara mbili, dirisha likawa halipitishi hata uzi wa mwanga. Skrini ikatundikwa, ikapimwa, ikashushwa, ikatundikwa tena. Kisha wakawasha.

Watu wakatokea miguu juu, vichwa chini.

Mwanawe akapanda ngazi na bisibisi, jasho linamtiririka, skrubu kaziuma mdomoni. Bi Mitambo aliinamisha kichwa hadi kikakaribia bega. "Huyu anasema karibuni," akajaribu. "Au anameza mate."

Mkwe akachukua rimoti, akabonyeza hapa na pale, picha ikapinduka, ikakaa sawa.

"Ulikuwa unajua muda wote huo?" mumewe akauliza toka juu ya ngazi.

"Nimejua sasa hivi. Nilikuwa nasoma kile kitabu cha maelekezo ulichokikalia."

Ikabaki skrini kuyumbayumba kwa upepo. "Zimeni feni," akaamuru Bi Mitambo. "Mmempa mtu kigugumizi."

Cha kwanza kutazamwa ilikuwa filamu ya harusi ya mwanawe na mkewe. Mpiga picha wa siku ile alikuwa ameifunika yote kwa muziki, hakuna aliyewahi kujua watu walikuwa wanasema nini. Sasa nyuso zilijaa skrini, na Bi Mitambo akaanza kuwatafsiria.

"Shangazi yenu huyo analalamika keki ndogo. Huyu anauliza choo kiko wapi. Na msimamizi wako, mwanangu, anakwambia ufunge zipu."

"Hapo ruka, Mama!"

Mkwe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kisha kwenye skrini bibi harusi akamwinamia dada yake, akamnong'oneza.

"Nasema nini pale, Mama?"

"Unasema, 'Yule mama mkwe ananikodolea macho tangu asubuhi. Naona hajanipenda.'"

Mkwe akajifunika uso kwa mto wa kochi. "Jamani! Nilikuwa bado sijakujua!"

Picha ikahamia kwa Bi Mitambo mwenyewe, amekaa safu ya mbele, macho hayapepesi.

"Na kweli nilikukodolea," alisema. "Nilikuwa nakusoma mdomo. Nilitaka nijue mwanangu ameniletea mtu wa maneno gani. Ila hilo ulilisema umenigeuzia kisogo, akaliona mpiga picha peke yake. Ningelisoma siku ile, ningeinuka nije nikukumbatie mbele za watu."

"Nikumbatie sasa."

Wakainuka, wakakumbatiana pale pale mbele ya kochi, picha za harusi zikiwapita migongoni kwa kuwa walikuwa wamesimama kwenye njia ya mwanga. Mwanawe akalalamika kwamba haoni. Hakuna aliyemjali.

Habari zikaenea mtaani. Wiki iliyofuata jirani wa nyumba ya pili alikuja na mumewe na filamu ya harusi yao, amevaa vizuri kama anayekwenda kuolewa tena. Bi Mitambo akatazama kwa furaha, akawatafsiria utani wa wageni, hadi bwana harusi alipomwinamia rafiki yake na kusema jambo refu kidogo.

"Mashine imepata joto," Bi Mitambo akasema, akanyoosha mkono kuchukua rimoti. "Tuipumzishe. Nani anataka chai?"

Mume wa jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema anaitaka.