Leseni ya Nyumba Bila Ardhi

Andika kama ninavyosema, wala usinipambie. Mimi sikukanyaga shule hata siku moja, lakini maneno yangu nayajua, na ukiongeza lako nitalisikia utakaponisomea.

Hofu yangu ilianzia kwenye pembe ya chini ya kioo cha kompyuta. Mjukuu wangu, huyu huyu anayeandika, aliinunua ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, akaiweka juu ya meza ya chakula hapa kwetu Likoni. Ilifanya kazi vyema. Ila pale pembeni palikuwa na maandishi hafifu ya kijivu, yasiyoondoka hata picha zilipobadilika. Siku ya tatu nikamwita.

"Abee, bibi."

"Yale yanasema nini?"

"Hayana neno, bibi."

"Maandishi yasiyo na neno sijapata kuyaona. Nisomee."

Akasema yanaeleza kwamba mfumo unaoiendesha kompyuta haujaidhinishwa. Kwa maneno mengine, leseni hatuna.

Asiyepitia niliyoyapitia ataniona mwoga. Zamani nyumba yetu ilikuwa upande wa Shelly Beach. Mimi na marehemu mume wangu tuliijenga wenyewe, tukaiezeka makuti, na baadaye mabati. Nyumba ilikuwa yetu; ardhi ilikuwa ya mwingine. Huku pwani jambo hilo halimshangazi mtu: unajenga, unalipa kodi ya ardhi, unapewa risiti. Risiti zile nilizihifadhi katika mkebe wa biskuti miaka na miaka, nikiamini kwamba zikishakuwa nyingi zitakuwa hati. Sikumwomba yeyote anisomee. Ardhi ilipouzwa tukapewa muda wa kubomoa, na hapo ndipo risiti ziliposomwa zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ilisema jambo lilelile: tumeruhusiwa kukaa. Tukayavua mabati kwa mikono yetu. Kuta hazibebeki.

Sasa mjukuu wangu alikuwa amepata kazi ya kuifanyia nyumbani, kusikiliza sauti za wagonjwa wakizungumza na madaktari wao na kuyaandika maneno yao. Ndiyo kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo, baada ya miaka miwili ya kupeleka barua zisizojibiwa. Waajiri walimtaka hadi Jumatatu athibitishe kwamba kompyuta ina leseni halali, na kwamba toleo la mfumo ni lile linaloweza kuyafunga yote yaliyohifadhiwa ndani, ili mwizi akiichukua asipate siri ya mgonjwa. Bila hivyo, nafasi angepewa mwingine. Haya yote aliniambia siku ileile nilipomtaka anisomee maandishi ya pembeni, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Matoleo ni mawili, bibi. La nyumbani na la kazi."

"Mimi nimepika mahamri ya kuuza jikoni kwangu tangu mama yako hajazaliwa. Ningechukua lipi?"

"La kazi."

"Na hii ina lipi?"

"La nyumbani. Na hilo lenyewe halina leseni."

Akaniambia kwamba upo mfumo mwingine wa bure kabisa, watu wameutengeneza na kuutoa kwa yeyote autakaye.

"Kama wakfu?"

"Kama wakfu, bibi."

"Mungu awalipe. Chukua huo."

Lakini programu ya waajiri wake haikukubali kufanya kazi ndani ya mfumo ule, alikuwa ameshauliza. Msikiti ulikuwa wazi, na sisi hatukuweza kuswali ndani yake.

Ijumaa, baada ya swala, tukaibeba kompyuta hadi duka moja karibu na soko. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo na kunipa kiti. Alikuwa na leseni za namna tatu, zote za toleo la kazi. Ya kwanza ilikuwa namba tu, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, rahisi kama bure.

"Hii kampuni moja iliinunua kwa kompyuta zake mia, bibi. Mimi nawapa watu mmojammoja."

"Kampuni inajua?"

Akajikuna shingo. "Haijalalamika."

"Yaani umepangishwa chumba, nawe ukawapangisha watu mia, na mwenye nyumba hana habari. Weka mbali."

Ya pili ilikuwa halali, na bei yake ya wastani. "Lakini hii inafungwa na mashine," akasema. "Mashine ikifa, nayo imekufa."

"Na mashine hii hali yake vipi?"

Akaipindua. Skrubu za chini zilikuwa zimeshika kutu. "Imekula chumvi ya bahari kidogo," akasema.

"Basi hiyo ni nyumba bila ardhi."

Akacheka hadi akashika meza. "Hapo umenimaliza, bibi! Hata sisi kwetu Mtongwe tunakaa hivyo hivyo."

"Mimi sicheki," nikamwambia.

Ya tatu ilikuwa inahama: ukipata mashine nyingine, unaiondoa huku na kuiweka kule. Bei yake ilikuwa sawa na akiba yangu ya mabati mapya ya jikoni. Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, tuchukue ya pili. Jikoni panavuja."

"Jikoni najua pa kuweka sufuria. Chukua inayohama."

Nilidhani hofu ingeishia dukani. Jumamosi akaketi mezani ili aiingize leseni, na kioo kikajaa maandishi, chini yake neno moja: Nakubali. Kidole chake kilikuwa kimeshaelekea huko nilipomshika mkono.

"Soma."

"Bibi, hakuna mtu anayeyasoma haya."

"Hata mimi sikuzisoma risiti."

Akasoma, akinifasiria kutoka Kiingereza, tangu adhuhuri hadi sauti ikamkauka. Mengi yalikuwa maneno ya watu wanaoogopa kushitakiwa. Kisha akafika mahali akasita, na mimi kusita kwa msomaji nakujua.

"Wanasema programu haiuzwi, bibi. Tunapewa ruhusa ya kuitumia."

"Hata hii inayohama?"

"Zote."

"Na mwenyewe akiitaka?"

"Tukifuata masharti hatatunyang'anya."

"Sisi pia tulifuata masharti."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikaenda kuswali, na sala yangu siku hiyo Mungu anajua ilikuwaje. Niliporudi alikuwa ameketi vilevile, mikono mapajani, anangoja neno langu kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda chuo. Nikaona kwamba namtia hofu isiyo yake. Kazi ilikuwa yake, na masharti ameyasoma kabla ya kujenga. Mimi yangu nilisomewa siku ya kubomoa.

"Bonyeza," nikamwambia. "Umejua unachokikubali."

Akabonyeza, akaingiza namba. Kioo kikawa cheusi kikakaa hivyo kwa muda ambao sitausahau, na yeye akauma kucha, jambo nililomkataza tangu mdogo, nami siku hiyo sikumkataza. Kiliporudi, maandishi ya kijivu hayakuwepo. Nikamwamuru aiandike namba ile kwa mkono wake, kalamu na karatasi, nikaitia katika mkebe wa biskuti pamoja na risiti za zamani. Jumatatu waajiri wakamkubali.

Tangu hapo, kila alfajiri akishaiwasha kompyuta, mimi huja kuitazama pembe ile. Sijui kusoma, lakini maandishi yale nayatambua kwa sura.

Jana palikuwa na kitu kipya, pembe ya upande wa pili: alama ndogo na maneno kando yake. Nikamwita mara tatu, naye ameziba masikio kwa vile vya kusikilizia, mpaka nikampiga begani.

"Abee!"

"Wamekuja. Nisomee pale."

Akatazama, akanitazama mimi, akabana midomo asicheke.

"Ni hali ya hewa, bibi. Inasema mvua itanyesha."

Nikaenda jikoni kuweka sufuria.