Krediti za Thuraya

Leo nimeshindwa kumtazama mwanangu usoni.

Thuraya alifeli hesabu, na bila ya krediti za somo hilo hamalizi sekondari. Likizo hii nikampeleka Uingereza, skuli ya dahalia, akalisome tena kwa wiki sita.

Wiki ya nne mama yangu akafariki, hapa hapa kwetu Ansab, Maskati. Ndiye aliyemlea Thuraya.

Mtoto akanipigia simu analia, anataka kurudi.

Nikamwambia, "Ukirudi krediti zimepotea. Bibi angependa umalize."

Akamaliza. Na kafaulu, jamani!

Asubuhi tumekipeleka cheti skulini kwake, Al Khoudh. Msajili akakisoma, kisha akauliza kwa upole, "Barua ya idhini yetu iko wapi? Somo la nje huombewa idhini kabla ya safari."

Sikuiomba. Fomu yake skuli walinipa kabla ya likizo, wallahi sikuisoma.

"Basi hatuwezi kulihisabu, mama. Itabidi arudie mwaka."

Tumeingia garini. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Akasema, "Mama, mimi hata kumuaga bibi sikumuaga."

Nimekaa na ufunguo mkononi, gari sijaliwasha. Nyinyi mngemjibu nini?