Kadi ya Ng' ya Ng'ombe

Enzi za Ujamaa wakala wa kampuni ya kompyuta alileta Kilosa mashine ya kuchapa kadi za ushirika. Bila kadi huuzi pamba. Akatusimulia kampuni ilivyoanza na mizani za dukani mpaka ikatengeneza kompyuta. Mama mmoja wa Rudewa akasoma kadi yake, akaisukuma kwa kidole.

"Jina langu ni ng' ya ng'ombe. Hapa mmenifanya ng ya ngoma."

"Shikamoo mama. Mashine haina alama hiyo ya juu, ni kitu kidogo," wakala akamjibu.

"Marahaba. Kampuni kongwe hivyo, haijawahi kuona ng'ombe?"

Tulicheka, na hakuna aliyepokea kadi mpaka kampuni ilipoleta alama. Alama ilikuja, pamba ikauzwa. Siku hizi wajukuu zangu wakiandika wanaiacha alama hiyo wenyewe, bila kulazimishwa na mashine.