Siku Niliyotangaza Kuja kwa Bwana

Nakumbuka enzi zile, reli haijafika bado, tulivyokuwa tukishinda juu ya paa la tembe, mimi na binamu yangu Mele. Lilikuwa paa la udongo, pana, la moto nyayoni. Tulianika mlenda, tukafukuza kuku, tukapanga mifupa ya mbuzi tukiiita ng'ombe wetu. Hawa wadogo wa hapa shuleni misheni, wanaolala chini ya bati na kulia ugali ukipoa, wasingemaliza siku moja kule.

Lakini hatukupanda kucheza tu. Askari wa Mdachi walikuwa wakizunguka vijijini kukamata wanaume wa kazi ya reli. Tukiona vumbi njiani, tulitakiwa kupiga kelele, "Mbuzi wameingia shambani!" Hapo wanaume walitokea nyuma ya nyumba wakapotelea vichakani.

Mwaka ule akaja mwalimu wa dini. Alitufundisha kwamba Bwana Yesu atarudi mawinguni, kwa sauti ya tarumbeta, basi tukeshe. Nilimwamini kuliko mtu yeyote. Mimi na Mele tuligombana hata juu ya salamu.

"Tutamwambia shikamoo," nilisema.

"Shikamoo ya watu wa pwani hiyo! Huku Ugogo tunamwambia mbukwenyi."

Baba alicheka kule uani. "Akifika, mwambieni aanzie zizini. Ng'ombe hawajakamuliwa."

Jioni moja Mele aliumwa, nikapanda peke yangu. Jua lilikuwa linazama, na upande uleule likainuka wingu jekundu, linang'aa kingo zote. Kisha nikasikia tarumbeta. Sikuwa nimewahi kuisikia maishani. Mbuzi sikuwakumbuka kabisa. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, mimi ambaye hata kujibu darasani naona haya: "Bwana amekuja! Tokeni, Bwana amekuja!"

Wakatoka. Mama alikuwa na unga mikononi. Baba alishika kibuyu cha maziwa, huku anacheka, akaweka kiganja juu ya macho kutazama njiani.

"Mbona Bwana wako amevaa kofia?"

Alipoacha kucheka, askari walikuwa wameshafika uani.

Walimfunga kamba shingoni, yeye na wanaume wengine wanne. Mimi nilikuwa bado juu, nimesimama ukingoni. Akaniinulia uso.

"Shuka, mwanangu, utaanguka."

Wakaondoka nao. Hakurudi. Hakuna aliyewahi kunilaumu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Reli imekwisha sasa. Gari la moshi likipiga filimbi upande wa Ihumwa, wadogo hukimbia kulipungia mikono, wanadhani limeota lenyewe kama uyoga. Mimi hujiuliza ni kipande kipi cha reli Baba alikibeba begani.

Nikirudi nyumbani likizo, Mama huomba kila jioni, "Njoo, Bwana," maana siku hiyo ndiyo atakayomwona mumewe. Zamani nilikuwa naitikia amina kabla hajamaliza. Siku hizi naitikia nikiwa nimechelewa, kwa sauti ndogo. Si kwamba sitaki aje. Nataka, pengine kuliko Mama. Ila huwa naongeza langu moyoni: aje kwa miguu, polepole, mchana kweupe, Baba akiwa pembeni yake. Na asipige tarumbeta.