Picha Zote Saizi Moja

Guka, babu yetu, alipotoka hospitalini akiwa mzima, ukoo uliamua kumfanyia ibada ya shukrani katika ukumbi wa kanisa, Elburgon. Guka ana wake wawili. Sisi wa nyumba ya pili tulipewa kazi ya kumenya viazi. Nyumba ya kwanza ikachukua kipaza sauti, keki na picha za kuonyeshwa ukutani. Sina kinyongo, ila viazi vilikuwa magunia mawili.

Picha zilipangwa na binamu yangu, mjukuu wa bibi mkubwa, slaidi sitini na kitu. Alinitumia nizipitie kwa sababu kazi yangu Nakuru ni kutengeneza slaidi za mikutano ya watu wengine. Bibi mkubwa alikuwa amejaa slaidi nzima mara tisa. Shosho, yaani nyanya yangu, bibi wa pili, alitokea mara moja, pembeni, amebeba ndoo, mdogo kiasi kwamba ndoo ndiyo uliyoiona kwanza. Na mtu alikuwa ameshamwonyesha slaidi hiyo kwenye simu.

"Mimi siendi," aliniambia. "Mniweke hapo kama stempu, alafu nivae kitambaa mpya nikae mbele ya watu? Wacha nibaki nyumbani."

Shosho hasusi kwa mzaha. Aliwahi kususia harusi ya mwanawe wa kumzaa kwa sababu ya kiti. Na Guka, siku zote alizolazwa, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: awaone wake zake wote wawili wameketi kando yake, mmoja huku na mwingine huku.

Kwetu huwezi kumwambia mtu wa nyumba ile kwamba amekosea. Hilo huitisha kikao, kikao huitisha chai, na chai huzaa kikao kingine. Nilitaka njia isiyomlaumu mtu, nikakumbuka makro: maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja, nayo huyarudia kwenye kila slaidi bila kuuliza huyu ni wa nyumba gani. Nikaiagiza: kila picha utakayoikuta, ifikishe urefu huu, iweke katikati. Nikabonyeza. Kufumba na kufumbua, Guka, mchungaji, bibi mkubwa, shosho, trekta na mbwa wakawa saizi moja. Binamu alipouliza nilimjibu kwamba si mimi, ni kompyuta. Shosho, aliposikia atalingana na Guka, akasema sawa, atakuja, lakini atakaa karibu na mlango.

Siku yenyewe, projekta tuliyoazimwa ilikuwa ya zamani, ya picha za mraba. Slaidi zangu pana zikaonekana kama ukanda mwembamba katikati ya ukuta. Emsii, mwendesha shughuli, akanikodolea macho.

"Boss, ni nini sasa? Watu wanangoja."

"Relax, hii ni kubonyeza tu," nikasema, tena kwa sauti, ndilo kosa langu. Nikageuza ukubwa wa slaidi, nikaita makro yangu mara ya pili mbele ya umma, picha zikajaa ukuta, watu wakapiga makofi. Nilijiona bingwa.

Ambacho sikukijua ni kwamba asubuhi ile binamu, kwa moyo safi kabisa, alikuwa amempamba shosho kwa picha ya ua dogo la waridi kwenye kona ya slaidi yake. Makro haijui pambo wala mtu. Ua nalo lilikuwa picha, likakuzwa na kuwekwa katikati kama wengine.

Ilipofika zamu ya shosho, ukutani palitokea waridi kubwa kuliko mlango. Chini yake kilichungulia kiatu kimoja. Ukumbi ukaangua kicheko. Shosho hakucheka. Alichukua mkoba wake akaanza kuinuka, na Guka akainamisha kichwa kando ya kiti kitupu alichomwekea shosho. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa.

"Wewe, ngoja," bibi mkubwa akamwambia shosho. Akasimama na mkongojo wake, akamnyang'anya emsii kipaza sauti.

"Hiyo picha naijua. Nilikuwa nimezaa, nikalala wiki tatu siwezi kutoka kwa kitanda. Huyu ndiye alikuwa ananikamulia ng'ombe yangu kabla aende kwa yake. Mtoto mwenyewe ni baba ya huyu alipanga hizi picha. Alilelewa na hiyo maziwa. Mpiga picha akapita, huyu akakataa ati ni mchafu. Ni mimi nilimpigia kelele kwa dirisha: simama hapo upigwe!"

Nikalifuta lile ua. Shosho akatokea ukutani, mkubwa kama Guka, msichana aliyekunja uso kwa sababu ya jua. Hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wakimtazama shosho wa kweli akivuka ukumbi na mkoba wake mpaka kwa Guka. Akaketi, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, kisha akainama mbele ya mumewe ili amsemeshe mwenzake upande wa pili.

"Si ng'ombe moja," akasema. "Zilikuwa tatu, na ile nyeupe ilikuwa inapiga teke."