Kibanda Kilichopata Mwenyewe

Siku hizi mume wangu huniuliza habari za kibanda kabla hajaniuliza habari za watoto. Nimemzoea. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, kibanda ndicho kinachomtoa kitandani. Kila asubuhi hushika fimbo, huuvuta ule mguu hadi barabara ya Morogoro, hugeuka na kurudi nyumbani anatiririka jasho, kisha huniambia, "Mama, mwaka huu nalala kibandani." Daktari alisema asipotembea mguu utakakamaa moja kwa moja. Vidonge huvigomea kama mtoto, mpaka tugombane. Kutembea hagomi, na sababu ni hicho kibanda cha udongo kilichoko porini kati ya Mbwawa na Marui.

Tulianza kutembea alipostaafu. Mimi bado nilikuwa nagombania basi la Dar kila alfajiri, na Jumamosi ikifika nilitaka kulala tu. Parokiani palikuwa na kikundi cha watembeaji. Wanatoka hapa Visiga, wanavuka reli, wanalala porini, kesho yake wanaingia Marui miguu imevimba na kila mmoja anajisifu. Niliona ni upuuzi wa watu waliochoka kukaa kwenye viti. Nikaenda mara moja tu, nimsindikize mzee asije akapotea, nikanogewa.

Tulikolala ndiko kulikokuwa na kibanda. Fito na udongo, makuti juu, mlango hakina. Kikundi kilikijenga kwa kusaidiana na watu wa mashamba ya jirani, na taratibu zake kila mtu alizijua bila kuandikiwa. Ukifika unapiga hodi hata kama hamna mtu. Ukiondoka unaacha kuni kavu za mwenzako. Ukiona tundu ukutani unachota maji bondeni, unakanda udongo, unaziba. Akinamama waliotoka kulima walijikinga mvua humo, wachoma mkaa walipikia humo, na mara nyingi tulikuta ukuta umekandikwa upya, alama za vidole vya mtu tusiyemjua zimekaukia palepale. Mume wangu alipenda kuweka vidole vyake juu ya zile alama. "Huyu ana mkono mdogo," alikuwa akisema. "Huyu ni mama."

Halafu sufuria letu, tulilokuwa tunaliacha humo kibandani, likapotea. Sufuria lenyewe lilikuwa limebonyea huku na huku, kifuniko halina tangu siku nyingi, lakini likaitishiwa kikao. Sisi watu wa maofisini tukiibiwa kijiko tunaunda kamati. Kamati ikaamua kibanda kiwekwe mlango na kufuli, na ufunguo ukae kwetu, maana mume wangu alijitolea kuutengeneza huo mlango kwa mkono wake. Akachukua mbao za mninga alizoniahidi kunitengenezea kabati la jikoni. Nilimwambia mlango wa mninga kwenye kibanda cha udongo ni sawa na kuvaa suti na kandambili. Akacheka, akaendelea kupiga randa. Wakaubeba kwa zamu mabegani hadi kule, wakasimika fremu kwa zege, na siku hiyo alirudi ana furaha ambayo sijamwona nayo tena.

Baada ya hapo akaugua. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anawakusanya wenzake. Kwenye grupu la simu watu waliandika "tupo pamoja" na kuweka alama za mikono ya kuomba, ila hakuna aliyekuja kuchukua ufunguo. Ukaning'inia kwenye msumari jikoni. Masika yakapita, vuli ikapita, masika mengine yakapita.

Mwaka huu aliponibana sana, nilimwambia ngoja niende kwanza nikafagie. Nilichukua bodaboda hadi njia ilipokuwa nyembamba, nikaendelea kwa miguu, ufagio begani, nikiimba peke yangu. Nilikuwa na furaha, naomba niliseme hilo. Nilishapanga mpaka atalala upande gani.

Mlango niliuona kwa mbali. Umesimama wima, mzuri, mwekundu, kufuli mahali pake. Nikapiga hodi kama tulivyozoea. Nikachomeka ufunguo, kufuli likagoma kwa kutu, nikalibembeleza, likafunguka. Nikasukuma mlango, nikaingia, na nilikuwa bado nje. Kuta zilikuwa zimelala chini zote na majani yameota juu yake. Makuti yalikuwa yameoza. Fito zilizobaki mchwa walikuwa wanazimalizia.

Nilikaa juu ya lile tuta la udongo nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia. Heri wangetuibia masufuria kumi. Nilipomaliza kulia nilisimama, nikapita mlangoni, nikaufunga nyuma yangu na kubana kufuli. Mpaka leo sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mkono ulijiendea wenyewe.

Wakati wa kurudi nilimkuta bibi mmoja anapalilia mihogo kando ya njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kwenye nyumba yako?"

Nikamwambia si yangu.

"Mbona ufunguo unao?"

Ni kweli, nilikuwa nimeushika mkononi.

"Sisi tulikuwa tunakikandika kile kibanda," akasema, bila ugomvi wowote, anaendelea kupalilia. "Mlipotia kufuli tukasema haya, kimepata mwenyewe. Mvua ikinyesha tunasimama nje, chini ya makuti. Ukuta ulipoanza kutoka udongo nilitaka kuuziba. Mume wangu akanikataza. Akasema huo ukuta wa mtu, ukionekana unauchokoachokoa utaambiwa ulikuwa unavunja uibe."

Nikauangalia mkono wake ulioshika jembe. Ulikuwa mdogo, kama wa msichana.

Nilimwachia ufagio, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, na njia nzima nilijiuliza nitasema nini nyumbani. Nikimwambia ukweli, kesho asubuhi fimbo itabaki pembeni ya kitanda. Namjua huyu mwanaume. Atageukia ukutani na mguu utakakamaa.

Nilimkuta amekaa nje ananisubiri, viatu vyake vya safari miguuni, kimoja kamba hazijafungwa kwa sababu ule mkono hauwezi.

"Kipo?" akauliza.

"Mlango umesimama vilevile," nikasema.

Akatabasamu kwa ule upande wa uso unaomtii. "Si nilikwambia, Mama. Mninga hauliwi na mchwa. Umefunga lakini?"

"Nimefunga, Baba."

"Vizuri. Wasije wakaingia watu."

Akaniomba nimfunge kamba za kiatu. Niliinama nikazifunga taratibu sana, nisiinue uso. Kisha akaomba fimbo yake, ingawa asubuhi alishatembea, na nikampa.